Msimamizi ameniuliza, "Tafsiri yako iko wapi?"

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Tanga mjini, nasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu maisha ya watu wenye matende na mabusha. Nimehoji watu 8: wanawake 5 wenye matende na wanaume 3 wenye mabusha. Nimenukuu mahojiano yote, nikayageuza Kiingereza, nikayapanga kwa mada: unyanyapaa, gharama, imani potofu, ndoa. Msimamizi amenirudishia sura ya nne, pembeni ameandika, "Tafsiri yako iko wapi?" Nimeshangaa, kwa sababu hakuna hojiano ambalo sikulitafsiri. Au watu 8 ni wachache? Halafu kuna mama mmoja alilia, nikazima simu niliyokuwa narekodia, naye akaendelea kuzungumza. Nilikosea? Nimekuwekea kurasa chache, majina nimeyatoa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nilicheka kidogo niliposoma, unisamehe, maana neno lililokukwaza wewe limewakwaza wengi kabla yako. Kiswahili kimelipa neno tafsiri kazi mbili. Ipo tafsiri ya kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, na hiyo umeifanya, tena kwa jasho. Na ipo ile unayoijua tangu mtoto: Ramadhani, baada ya alasiri, watu wamekaa jamvini, sheikh anasoma aya moja kisha anasimama. Neno hili limekuja hapa kwa nini? Limetumika wapi kwingine? Aya iliteremka katika hali gani? Aya moja inaweza kumaliza kikao kizima. Msimamizi wako anaidai hiyo ya pili.

Wala mfano huo sikuutafuta mbali. Taaluma ya ufasiri, ambayo vitabuni utaikuta ikiitwa hemenitiki, ilikulia Ulaya katika usomaji wa maandiko matakatifu. Friedrich Schleiermacher, mwanateolojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1834, ni mmoja wa waliolipanua jambo lenyewe hata likahusu maneno ya mtu yeyote. Baadaye sana, mwaka 1996, mwanasaikolojia wa Uingereza, Jonathan Smith, akaandika makala akipendekeza njia ya kifenomenolojia, yaani ya kulitazama jambo kama linavyomjia mwenyewe aliyelipitia, ya kufasiri mahojiano katika saikolojia ya afya, na ndiyo uliyoitaja katika sura yako ya tatu. Ndani yake kuna ufasiri wa mara mbili. Mama anaufasiri mguu wake: umempata kwa nini, umemfanya nani. Nawe unamfasiri mama anavyoufasiri mguu. Katika sura yako ya nne sijamwona mama akifasiri, wala wewe. Nimeona makabati manne yenye vibandiko, na ndani ya kila kabati maneno ya watu yamekunjwa vizuri.

Tulitazame kabati moja. Chini ya "unyanyapaa" umeandika kwamba mhojiwa wa nne anakabiliwa na unyanyapaa wa kijamii unaomzuia kushiriki shughuli. Kisha umenipa maneno yake mwenyewe, nayo ni haya:

"Mguu huu mimi nishauzoea. Watu ndio hawajauzoea. Ukiwa na baibui lako refu unasitirika, lakini kiatu je? Harusini siendi sana. Nikienda nakaa upenuni, nakunja mguu, nangoja mpaka watu wafumukane ndo nainuka. Bwana hajaniacha, namshukuru, amenisitiri."

Soma tena polepole. Neno unyanyapaa halimo. Hilo ni la bango la zahanati na la ripoti za miradi, umekuja nalo wewe kutoka kazini. Si neno baya, ila limefunga mlango kabla hujaingia, maana ukishaandika unyanyapaa hakuna cha kuuliza tena. Yeye amesema jambo lenye ncha zaidi: mguu una wagonjwa wawili, mmoja ameshapona na mwingine bado. Aliyepona ni yeye, kwa kuzoea. Ambao bado ni watu. Kwa hiyo anapokaa upenuni harusini, je, anajificha kwa sababu anaona haya, au anawapa nafasi watu ambao "bado"? Kwa hakika sijui, na wewe hujui mpaka urudi kwenye kurasa zake nyingine. Lakini sasa una swali, na swali hilo limetoka kinywani mwake.

Twende kwenye sitara, ambayo imekuja mara mbili. Mara ya kwanza baibui ndilo linalomsitiri, mara ya pili mume. Wewe na mimi ni watu wa pwani, hatuhitaji kamusi: nguo ni sitara, nyumba ni sitara, ndoa ni sitara, na hata maiti tunasema imesitiriwa. Mtu akisema mumewe amemsitiri kwa kutomwacha, amesema kwamba talaka ingemvua. Amesema pia, bila kulitamka, kwamba ndoa yake sasa ni vazi analoshikiwa na mtu mwingine, ndiyo maana anashukuru. Mwanamke mwenye miguu yote miwili mizima humsikii akishukuru kwa kutoachwa. Katika Kiingereza chako, sitara ya baibui umeiandika kwa neno la kufunika, na sitara ya mume kwa neno la kutunza. Ukaiweka ya kwanza katika kabati la unyanyapaa na ya pili katika kabati la ndoa. Uzi uliokuwa umeshona maisha yake yote umeukata vipande viwili, halafu unashangaa kwa nini hakuna la kufasiri.

Ndiyo sababu nasema uchambuzi wote ufanyie katika Kiswahili. Chuo kikitaka tasnifu ya Kiingereza, geuza mwishoni vipande utakavyonukuu tu, na Kiswahili chenyewe kiwepo juu yake ili msomaji akuhukumu. Neno lisilogeuka liache lilivyo, ulieleze kwa aya nzima ikibidi. Nimeona pia kwamba mhojiwa wa pili aliteleza kidogo kwenye Kidigo, nawe umeandika "hakusikika vizuri". Alisikika sana. Mtafute anayekijua Kidigo, ila usimpe kanda yote, msikilizishe kipande hicho tu, au bora zaidi mrudie mwenyewe umwombe akueleze. Mtu anapohama lugha katikati ya maumivu, hapo ndipo pa kusimama.

Lakini nikuonye upande wa pili, kwa sababu ukishaionja ladha ya kufasiri utataka kufasiri hata kikohozi. Tazama "mguu huu". Hakusema "mguu wangu". Mwanafunzi mwenye pupa ataandika kurasa tatu kwamba mgonjwa amejitenga na mwili wake, mguu umekuwa kitu cha nje. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alikuwa anaunyooshea kidole tu, maana ana miguu miwili na ulitakiwa ujue ni upi. Kinasa sauti hakioni kidole. Je, uliandika popote alichokuwa anafanya kwa mikono? Kama hukuandika, angalia pengine anautajaje mguu ule mwingine. Akiuita "wangu" huo mzima, na ule mgonjwa akauita "huu" ukurasa baada ya ukurasa hata pale asipouonyesha, una jambo. Ikiwa ni mara moja tu, liache lipite. Darsani pia ndivyo: sheikh mzuri hajengi hukumu juu ya neno moja bila kulitafutia ndugu zake.

Hapa niseme kidogo juu ya neno uzoefu, maana umeliweka kwenye kichwa cha utafiti, "uzoefu wa wagonjwa". Mimi silipendi sana kwa kazi hii. Uzoefu tunaukuta kwenye matangazo ya kazi, miaka mitatu na barua mbili za wadhamini. Na umebeba kuzoea, kama kwamba aliyepitia jambo lazima amelizoea. Mama yako wa nne amelizoea na amekwambia hivyo, lakini wa saba, kwa kurasa ulizonipa, hajazoea kitu. Ningeandika "waliyoyapitia", au "yaliyowakuta". Msimamizi akilazimisha uzoefu, mwachie, hilo si la kugombania.

Idadi. Watu 8 si wachache. Wanaoifundisha njia hii humshauri anayeanza achukue watu 3 hadi 6, kwa sababu kila mmoja anasomwa peke yake mpaka mwisho kabla ya kufungua wa pili. Tatizo lako ni jingine: una tafiti mbili ndani ya mkoba mmoja. Njia hii inataka watu waliokutwa na jambo lilelile. Asili ya maradhi ni moja, ni minyoo inayoenezwa na mbu, na hapo kama muuguzi uko sawa. Ila kuishi nayo si kumoja. Busha linapasuliwa, mtu akarudi kwake akavaa suruali. Matende hayapasuliwi hivyo. Mama anaosha mguu, anaukausha, anauinua, anangoja homa na mtoki visirudi. Mmoja anaishi akisubiri siku ya kwenda kufanyiwa operesheni, mwingine anaishi akijua siku hiyo haipo. Halafu busha linafichwa ndani ya msuli na kufanyiwa mzaha barazani, na matende yanaonekana njia nzima kutoka Makorora mpaka sokoni. Chukua wanawake 5. Wanaume 3 waweke akiba, andika makala nyingine ukishahitimu. Najua inauma kuacha kazi uliyokwisha kuifanya.

Ingawa kabla hujawaweka akiba, kurasa za yule mzee wa busha zina funzo ambalo sitaki likupite. Alikwambia ugonjwa wake ulitokana na madafu, alikuwa mkwezi, akinywa kila siku. Pwani yote hii imani hiyo ipo. Wewe ukajibu, nanukuu kutoka kwako, "Hapana mzee, ni mbu." Kabla ya hapo majibu yake yalikuwa ya mistari kumi. Baada ya hapo: "Ndiyo." "Eeh." "Kama ulivyosema." Mtaalamu ameshajulikana ni nani, mzee akaketi kama mwanafunzi. Mweleze habari ya mbu, tena ni wajibu wako, ila mweleze mwisho, simu ikiwa imezimwa na chai imekwisha. Wakati wa mahojiano jiulize madafu yanamfanyia kazi gani. Ukwezi ulikuwa riziki yake. Ikiwa riziki ndiyo iliyomwumiza, basi hakuna wa kumlaumu, wala jirani, wala mchawi. Pengine hayo madafu yamemwepusha na ugomvi wa miaka 20. Ukimpokonya katika dakika ya sita, hutajua kamwe. Na kabati la "imani potofu" livunje kabisa. Potofu ni hukumu yako, imetangulia kabla ya kumsikiliza mtu.

Wanafalsafa wa fenomenolojia, ambayo njia yako imetoka humo, walibishana juu ya jambo hilihili. Edmund Husserl alitaka mchunguzi ayaweke kando yale anayoyadhania, avitazame vitu vinavyojitokeza vyenyewe. Martin Heidegger, aliyekuwa msaidizi wake huko Freiburg kisha akamrithi kiti, hakuona kama mtu anaweza kutoka nje ya dunia yake na kuitazama kwa mbali. Tunaelewa tukiwa tayari tumo ndani. Mimi niko na wa pili, nawe pia, kwa kuwa huwezi kuacha kuwa muuguzi. Unachoweza ni kumjua muuguzi huyo na kumwangalia asikutangulie. Weka daftari. Kila baada ya mahojiano andika ulichokwenda ukikitegemea, kilichokuudhi, ulipotaka kumkatiza mtu. Ukurasa wa daftari hilo utaingia kwenye tasnifu, usione haya.

Maana sare yako imeongea sana katika kurasa hizi. Wanawake watatu kati ya watano wamekwambia karibu kwa maneno yaleyale: naosha asubuhi na jioni, nakausha katikati ya vidole, nauweka juu ya mto. Hayo ni majibu ya mtihani. Uliwahojia kliniki, umevaa nyeupe, wakadhani umekuja kukagua. Mimi yalinikuta Pangani miaka mingi iliyopita, namhoji mjane aliyetoka eda, shemeji yake ameketi barazani pembeni yetu. Dakika 40 nilisikia jinsi familia ya marehemu ilivyomtendea wema. Ikaadhiniwa adhuhuri, shemeji akaenda msikitini. Mama akageuka, akasema, "Sasa andika." Alizungumza dakika 5 hivi, na hizo ndizo zilizokuwa utafiti wangu. Lakini zile 40 sikuzitupa, nilikuja kuzielewa baadaye kuwa nazo ni maisha yake: kusema wema mbele ya wanaokulisha. Kwa hiyo hata hayo majibu ya mtihani usiyafute. Yaulize kwa nini mgonjwa wa miaka mingi bado anahitaji kufaulu mbele ya muuguzi wa umri wa mwanawe.

Ukirudi, na utabidi urudi kwa angalau watatu, nenda nyumbani kwao, vaa dera na mtandio kama unavyokwenda kwa shangazi. Usifiche kuwa wewe ni muuguzi, wanakujua. Na tafadhali liache nyumbani swali lile la "Je, unakumbana na changamoto gani?" Neno changamoto limeshachoshwa na semina. Mtu akilisikia anakupa orodha: usafiri, dawa, kipato. Umejaza kurasa na orodha hizo, hakuna hata siku moja ndani yake. Muulize siku. "Niambie jana, tangu ulipoamka." "Mara ya mwisho kwenda harusini ilikuwaje?" Na watu wetu huanza kwa salama. Mtu anaumwa hoi lakini hajambo, alhamdulillahi, halafu ndo mguu tu kidogo. Usiuandike huo mwanzo kama takwimu ya hali njema, wala usiuruke. Alhamdulillahi ya mtu mmoja ni shukrani ya kweli, ya mwingine ni mlango unaorudishwa taratibu. Zinatofautiana kwa sauti, ndiyo maana nakutaka usikilize tena rekodi na si kusoma karatasi peke yake.

Namna ya kufanya uchambuzi wenyewe haina ajabu. Mtu mmoja kwanza. Sikiliza, soma, soma tena. Pembeni kulia andika linalokushtua: neno, kurudia, kunyamaza, kicheko mahali pasipo kicheko. Ukimaliza, pembeni kushoto yafupishe hayo kuwa kauli zenye jina lake na si jina la bango. Kwa mama wa nne ningeandika "kungoja watu wafumukane" kabla ya kuandika kutengwa. Kisha zikusanye kauli zinazovutana. Mfunge huyo, fungua wa pili kama hujawahi kumsikia wa kwanza. Mwisho kabisa ndo uwaweke pamoja, utazame wanakutana wapi na wanaachana wapi. Programu ya kompyuta huihitaji kwa watu 5. Karatasi na kalamu za rangi zinatosha, na meza ambayo watoto hawaifikii.

Kuhusu majina, hongera kuyatoa, lakini umeniachia mama wa miaka fulani, muuza vitumbua, karibu na msikiti fulani Ngamiani, barabara ya ngapi umeitaja. Mjini hapa huyo nimeshamjua, na mimi sitoki hata nyumbani. Badili au ondoa. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kibali cha maadili ulichopewa kinakubana vilevile. Rekodi zitoke kwenye simu yako leo, ziwe mahali penye nywila. Na hizo kurasa usinitumie tena kwa WhatsApp.

Nimalizie kwa mama aliyelia, wa saba. Hukukosea. Ulizima simu, ukakaa, hukumkimbiza kwenye swali linalofuata. Wengine wangesogeza simu karibu. Ila sasa umekaa na jambo alilokwambia simu ikiwa imezimwa, na kwa jinsi ulivyonidokezea, ndilo zito kuliko yote uliyoyapata. Umelianza hata kuliandika katika rasimu, aya ya mwisho ya kabati la ndoa. Litoe. Yeye aliiona simu inazimwa, na alichosema baada ya hapo alimwambia binti aliyeketi naye, hakumwambia mtafiti. Ridhaa aliyosaini haikufika hapo.

Mrudie. Nenda mchana bwana akiwa baharini, kama ndivyo kawaida yake, lakini asikuone kama unavizia. Mwambie siku mbili kabla. Siku ya kwanza usibebe simu ya kurekodia wala karatasi, mpelekee sabuni kama mgeni anavyobeba kitu, mkae. Kisha mwambie wazi: siku ile ulisema jambo tukiwa tumezima, je, unaridhia niliandike, na niliandike vipi? Akisema hapana, hapana hiyo usiibembeleze. Akisema ndiyo, mwombe alisimulie upya kwa namna anayotaka liandikwe, kwa sababu atalisema tofauti, na hilo la pili ndilo utakalolifasiri. Na kabla hujatoka hapo kliniki, ulizia ni nani kati ya wenzako anayeweza kumpokea mama mwenye huzuni ya namna hiyo, umpate kwa jina na kwa siku anazokuwepo, ili akikuuliza aende wapi usianze kufikiri mbele yake.